Pumzi ya kupoza mwili

Naandika hii nikiwa juu ya meza na sishuki.

Mnajua mimi ni wa Timau, nimezoea baridi. Hii jua ya Kiambere, huku nilikoletwa kufundisha, inanimaliza. Hata yoga siku hizi nafanya juu ya leso iliyoloweshwa maji.

Leo nikajaribu ile pumzi ya kupoza mwili. Unakunja ulimi kama mrija, unavuta hewa pole pole: sssss.

Aki inasaidia!

Mara mlango ukasukumwa. Ni Cucu, yule nyanya mwenye nyumba, na panga mkononi.

"Mwalimu, usisonge! Kuna nyoka humu ndani!"

Nilicheka mpaka machozi. "Cucu, ni mimi. Ni mazoezi ya kupumua."

"Mtu mzima analia kama nyoka? Na vile umesoma?"

Nikamwonyesha. Nikakunja ulimi, nikavuta: sssss. Nikafunga mdomo.

Sssss.

Sasa hiyo haikuwa mimi. Ilitoka chini ya kitanda.

Cucu amekimbia kuita majirani, na panga ameenda nayo. Huko chini kumenyamaza kabisa, na hiyo ndiyo inanitisha zaidi.

Semeni kitu, jameni. Lakini asiniambie mtu nipumue pole pole.