Mfalme na Zipu Iliyokwama

Mume wangu ni mtu mpole anayeua watu kwa kalamu. Mwaka huu ameua wengi, na wote amewaulia kwenye meza yangu ya chakula.

Kazi yake ni kuandika filamu. Ile ya kwanza ilitoka kwenye riwaya ya majitu na wachawi, nene kama tofali, na watoto waliipenda kwa sababu ya farasi anayeruka. Sasa watayarishaji wanataka ya pili, tena iwe ya giza: majitu yapungue, mioyo ya watu ionekane. Basi mzee akashika kisu. Farasi akakatwa. Wachawi watatu wakawa mmoja. Karatasi za waliosalimika akazibandika kwenye kabati la vyombo, nikitaka kikombe lazima kwanza nimwombe radhi malkia.

Filamu nzima akaijenga juu ya sentensi moja ya kitabu: mfalme akamfungia mwanawe lango. Mwandishi wa riwaya alipita hapo mbio, anawahi vita. Mume wangu akakwama hapo hapo. Kila alivyoandika, mfalme anafoka, mbwa wanabweka, radi inapiga. Watayarishaji wakamrudishia: huyu baba hatumwamini. Wakampa mpaka Ijumaa, la sivyo kazi apewe mwingine. Maji yakamfika shingoni.

Mimi nilikuwa nakunja nguo, nikimkumbuka mwanangu. Kifunguamimba wetu aliacha chuo akafungua kibanda cha kutengeneza simu. Baba yake akamwambia kazi isiyo na cheti si kazi, achague chuo au mlango. Maneno ya mtu anayelishwa na majitu! Kijana akachagua mlango. Tangu hapo jina lake halitajwi mezani, nami huenda kumwona kwa kujificha kama mwizi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini wazazi wengine mpaka wakumbushwe.

"Hebu soma," mume wangu akanisukumia karatasi. "Kasoro iko wapi?"

"Anapiga kelele."

"Anamfukuza mwanawe, mama! Ulitaka aimbe?"

"Mbona wewe hukupiga kelele siku ile? Zipu ya begi la mwanao ilikwama. Ukapiga magoti, ukaipaka sabuni, ukaifunga vizuri nguo zisije zikamwagika njiani. Kisha ukafunga mlango polepole, kama ndani kuna mgonjwa."

Akavua miwani. Nikamaliza shuka zote. Halafu akaandika. Mfalme akapiga magoti, akamkazia mwanawe mkanda wa mzigo, akafunga lango.

Ijumaa wakampigia kumpongeza. Nasikia mmoja wao alilia. Mume wangu akiwa bado na furaha, nikamwuliza: "Na hilo lango linafunguliwa lini?"

"Si katika hii. Watu wasubiri sehemu ya tatu."

"Haya, wao wanayo sehemu ya tatu. Mimi nina magoti mabovu, na mwanangu yuko nje. Sehemu ya tatu sina, baba."

Alisimama mbele ya kabati akiwatazama watu wake wa karatasi. Kisha akatoa simu mfukoni, akaigeuzageuza mkononi.

"Hapo kibandani kwake," akasema bila kuniangalia, "wanatengeneza na simu kama hii?"

Simu ilikuwa nzima kabisa. Nikamwambia ndiyo, wanatengeneza.