Video ya Ijumaa Saa Kumi na Nusu

Zipporah Kerubo alipopata kazi kwenye chekechea ya Kiyahudi huko Finchley, wenzake wa kanisani Edmonton walimwonea huruma. Utawezana na miko yao? wakamuuliza. Akacheka. Mtu aliyelelewa Kisii na mama Msabato, anayejua kwamba Ijumaa jua likizama kila kazi imekwisha, utamfundisha nini kuhusu Sabato? Sasa ni miaka sita watoto wanamwita Mora Tsipora, yaani mwalimu Tsipora, naye huitika kama jina alilopewa na nyanyake.

Mwaka huu mkuu wa shule, Shoshana, alimkabidhi simu ya shule na ukurasa wa wazazi mtandaoni, maana wazazi wa siku hizi barua hawasomi. Kila Ijumaa asubuhi Zipporah aliwarekodi watoto wakikanda mkate wa Sabato, unga hadi kwenye nyusi, kisha mmoja wao akiigiza mama anayewasha mishumaa ya kuikaribisha Sabato. Video aliipanga itoke yenyewe saa kumi na nusu jioni, watu wakiwa wametulia na chai. Akina baba waliokuwa hawajui hata jina la mwalimu wakaanza kuuliza mkate unapikwaje.

Isipokuwa Gideon. Huyu ni babake Talya, mtoto wa miaka minne ambaye mama yake, Rivka, alifariki mwezi wa nne. Kila asubuhi Gideon alimfikisha mtoto mlangoni, akageuka. Ukurasani hakuandika hata neno. Nyumbani kwake, na shule nzima ilijua, mishumaa haikuwashwa tena. Mwezi wa tisa alimwambia Shoshana kwamba muhula ukiisha Talya atahamia kwa bibi yake Manchester, kwa sababu yeye peke yake hawezi. Zipporah alilia chooni, akanawa uso, akarudi kukata matunda. Alimpenda mtoto yule, basi.

Ijumaa ya mwisho ya Oktoba ikawa zamu ya Talya kuwa mama. Tangu msiba, darasani hakuwa akisema zaidi ya ndiyo na hapana. Siku hiyo alijitanda kitambaa, akapitisha mikono juu ya mishumaa mara tatu, akafunika macho na kusema baraka yote, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ndogo isiyoyumba. Zipporah alirekodi yote bila kukata. Babake akiiona hii, alijiambia, hatampeleka popote. Akaipanga kwenye ukurasa kama kila Ijumaa, akakimbilia basi.

Alikuwa anashindana na jua. Jumapili iliyotangulia saa zilikuwa zimerudishwa nyuma, na Sabato ya wiki ile iliingia saa kumi na robo. Kwao Kisii jua huzama saa ile ile mwaka mzima. La London lina wazimu wake. Hata hivyo Zipporah aliwahi. Alipika, akaoga, akaifungia simu ya shule kwenye droo, akaketi na bintiye Marion kuimba. Sabato yake aliilinda vizuri kabisa, ya shule akaisahau. Saa kumi na nusu, mishumaa ikiwa imeshawashwa nyumba kwa nyumba na simu kuzimwa hadi Sabato iishe, video ikatoka.

Aligundua Jumamosi saa kumi na mbili jioni, Sabato ikiwa imeisha kwao wote, alipofungua droo. Ujumbe ulikuwa umejaa. "Siku hizi shule yetu inavunja Shabbat?" mzazi mmoja aliuliza. Shoshana aliandika maneno matatu: tuonane Jumatatu asubuhi.

"Aki Marion, nimeisha. Nimewaaibisha watu wa wenyewe."

"Mum, it was an accident."

"Accident gani? Mimi, Msabato mzima!"

Jumatatu Shoshana hakumpigia kelele, na hilo lilimuuma zaidi. Alimwambia aandike kuwaomba wazazi radhi, mengine wataona baadaye. Zipporah alikuwa bado anatafuta neno la kwanza pale darasani Gideon alipoingia. Si mlangoni tu. Alipita hadi ndani, akavua koti, akaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakikaribia kidevu.

"Ijumaa nilikuwa nimekaa na simu mkononi," alisema. "Saa ile watu wangu wote wanazima zao. Kila wiki huwa hakuna anayeniandikia. Halafu ikalia."

Akajifuta macho bila kuficha.

"Rivka alikuwa anafunika macho hivyo hivyo. Talya sikumfundisha mimi. Niliitazama video ile mpaka chaji ikaisha."

"Nisamehe, Gideon. Haikufaa itoke saa ile."

"Kweli haikufaa." Akatazama upande wa pili, ambako Talya alikuwa akimimina mchanga kwenye kikombe. "Haendi Manchester. Nimeshampigia bibi yake."

Zipporah alishika meza.

"Lakini Ijumaa hii uitume mapema," Gideon akasema, akiinuka. "Saa nane hivi. Baadaye hutanipata. Simu yangu itakuwa imezimwa."