Sindano ya Shibe

Edmond Kataliko wa Kitshanga alikuwa na tabia ya kujicheka mwenyewe kabla wengine hawajapata nafasi. Alikuwa Mnande wa Butembo, mfanyabiashara wa jibini, mwenye miaka hamsini na miwili na kilo mia moja thelathini na nane. Kilo hizo alizijua kwa sababu alijipima kwenye mizani ileile ya jibini, na wafugaji waliokuwa wakingoja zamu yao wakamsikia akitangaza, "Huyu ng'ombe hauzishwe. Yeye njo mwenye kununua."

Alipenda kudai kwamba ni kazi iliyomnenepesha. Kila jibini iliyoshushwa kutoka vilimani ilibidi aionje. Kipande kidogo tu, cha kupima chumvi. Halafu kingine, maana cha kwanza huenda kilidanganya. Mke wake Léontine aliwahi kumwambia kwamba hata jaji hasikilizi mashahidi wengi namna hiyo.

Jumapili moja alipiga magoti kanisani na hakuweza kuinuka. Wanaume wawili walimshika makwapa wakamsimamisha. Aliwaambia kuwa alikuwa bado anasali, lakini moyoni aliona haya. Isitoshe, kwa miezi kadhaa alikuwa na kiu isiyokwisha, na macho yalikuwa yakimwonyesha ukungu hata mchana wa jua. Brigitte, muuguzi wa kituo cha afya, alimchoma kidole, akatazama kipimo, akamtuma Goma.

Huko Goma, Docteur Aurélie alimpima kutoka kichwani hadi vidole vya miguu. Sukari ilikuwa juu, presha ilikuwa juu, na magoti yalikuwa yamechoka. Akamweleza juu ya sindano ya kila wiki.

"Papa Edmond, wakati muntu anakula, matumbo yake inatoa homoni yenye kuambia kichwa: inatosha. Hii dawa inafanana na ile homoni. Inafanya chakula ikawie kutoka mu tumbo, njaa inapunguka, na sukari inashuka."

"Basi, Docteur, kwangu hiyo homoni ilishaacha kazi zamani."

"Haikuacha. Inaongea, lakini kichwa yako haiisikie muzuri."

Kisha daktari akaacha kutabasamu. Angeanza na kipimo kidogo kabisa, na hakingepanda kabla ya wiki nne, tena kwa ruhusa yake tu. Kila mwezi Brigitte angempima uzito na sukari. Ilimbidi ale maharagwe, mayai na mboga, na atembee kwa miguu. "Ukitapika bila kuacha, ao tumbo ikauma sana, unakuja mbio. Na hii si dawa ya kugawia majirani."

Edmond akarudi Kitshanga na dawa yake ndani ya kisanduku cha barafu. Ilikuwa kama kalamu nene, yenye kitufe cha kuzungusha ili kuchagua kipimo. Akaiweka kwenye friji ya duka, kando ya jibini, na Léontine, aliyemjua mumewe, akabandika karatasi juu yake: SI YA KUONJA.

Wiki ya kwanza Edmond aliacha nusu ya bugali kwenye sahani. Léontine aliogopa. Alidhani ameanza kula kwa mwanamke mwingine. Wiki ya pili kilo mbili zilikuwa zimeondoka, na hapo ndipo Edmond alipojiona mwerevu kuliko daktari. Mpwa wake Nadine alikuwa anaolewa, na Edmond ndiye angekaa mbele na kutoa hotuba, lakini koti la suti lilikataa kufunga. Akapiga hesabu ya kibiashara: ikiwa kidogo kinasaidia kidogo, kingi kitasaidia sana. Alhamisi ya tatu akazungusha kitufe mpaka alama ya mwisho, akajichoma, wala hakumwambia mtu.

Siku mbili baadaye, Jumamosi ya arusi, koti lilifunga, kwa shida. Yeye mwenyewe alikuwa na rangi ya majivu. Mpishi alikuwa Mama Byukusenge, mjane aliyejulikana mji mzima kwa mbuzi na sombe yake, mboga ya majani ya muhogo, na kama heshima alimpakulia Edmond wa kwanza. Edmond alimeza matonge mawili, akasimama, akashika kipaza sauti.

"Ndugu na wageni wetu wapendwa..."

Hakufika mbali. Alikimbia, kama kukimbia kwake kunaweza kuitwa hivyo, mpaka ukingo wa turubai, na hapo akatapika mbele ya ukoo mzima wa bwana arusi. Kisha akalala kwenye majani kama gunia lililodondoka kutoka juu ya lori.

"Karuho!" sauti ikapiga kelele. "Wamemupa karuho!"

Kule neno hilo, la sumu inayotiwa kwa siri kwenye chakula, halichezewi. Sahani zikawekwa chini. Macho yote yakamgeukia Mama Byukusenge, aliyesimama na upawa mkononi. Mwanaume mmoja alishaikamata sufuria yake. Mwingine alishaanza kuuliza amekuja kupika hapo kwa niaba ya nani.

Edmond alisikia yote akiwa chini. Baadaye alikiri kwamba wazo la kwanza lililomjia halikuwa zuri: mtu anayetiliwa sumu ni mtu mkubwa, hakuna anayejisumbua kumtilia sumu mjinga. Kwa dakika nzima alilala pale akipenda ukubwa huo. Ndipo alipouona uso wa yule mama. Akaomba ainuliwe. Léontine akashika mkono mmoja, baba wa bwana arusi mwingine.

"Bantu, muache huyu mama," akasema. "Karuho iko hapa." Akajipiga kifua. "Ni miye. Docteur alinipatia sindano ya kupunguza kilo, aliniambia kidogo kidogo. Miye nikajipiga yote mara moja, juu ya kufunga hili koti. Nyama haina kosa. Koti njo iko na kosa, na kichwa yenye kuivaa."

Mama mmoja mzee wa upande wa bwana arusi akauliza, kwa mshangao wa kweli, "Kumbe Papa analipa docteur juu amukataze kula?"

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka barabarani. Mama Byukusenge hakucheka. Alimnyang'anya yule mwanaume sufuria yake, akamsogelea Edmond.

"Siku ingine ukitaka kujiua," akasema, "ukulie chakula kwako."

Edmond alitapika mpaka Jumapili. Brigitte alimtundikia chupa ya seromu huku akimgombeza, kisha akapiga simu Goma. Daktari alisimamisha dawa kwa wiki kadhaa, na ilipoanza tena ilianzia mwanzo kabisa, Brigitte mwenyewe akiizungusha kalamu kila Alhamisi. Wiki hiyohiyo Edmond alikwenda kwa Mama Byukusenge kuomba msamaha. Mama huyo alimweka mlangoni muda mrefu kabla ya kumpa kiti.

Mwaka umepita. Edmond sasa ana kilo mia moja kumi na saba, na sukari imetulia. Kazi ya kuonja ameichukua Léontine, ambaye huonja mara moja tu na kukata shauri, na wafugaji wanamwogopa. Watu wengine huja dukani kwa siri kuomba sindano, hata wembamba, na Edmond huwatuma wote kwa Brigitte. Daktari amemwonya kwamba akiiacha dawa, njaa inaweza kurudi. Huenda ataitumia miaka mingi.

Asubuhi hutembea mpaka kilima cha juu ya mji. Hupumzika mara tatu njiani, na ukimkuta amesimama, atakuambia anaangalia ng'ombe wa watu.