Boila ya Akina Mama wa Muthangari

Nilifua nguo miaka ishirini na sita katika ile nyumba kubwa ya mawe kule Muthangari. Mzungu aliyeijenga aliogopa baridi ya Julai kuliko simba, akatia boila ya mvuke chumba cha chini na rejeta za chuma kila mahali, zenye mbavu kama za gari ila ndefu kama benchi. Siku hizi ni makao ya akina mama wazee wasio na wa kuwatunza. Mwaka juzi, mwezi wa sita, boila ilipasuka tumbo, na wale akina mama wakaanza kulala na makoti.

Matroni akanipigia simu nyumbani kwangu Riruta. "Wewe unaijua nyumba. Nitafutie mtu wa boila asiye mwongo."

Nikamwambia ninaye, na mamake nilimzaa mimi. Mjukuu wangu ndiye msichana pekee wa darasa lao aliyesomea mabomba na mvuke chuoni, na siombi msamaha kwa kujisifu. Mimi niliishia darasa la nne. Yeye anasoma geji ya mvuke kama mimi ninavyosoma uso wa mtu. Lakini alikuwa hajawahi kupewa kazi kwa jina lake. Kila mahali alikuwa wa kushikia wanaume spana. Hii ingekuwa ya kwanza.

Matroni si mjinga. Akaita pia muuzaji wa duka moja la Ngara, mwanaume wa tumbo na kalamu tatu mfukoni. Huyo alishuka chini, akasoma kibao cha saizi kwenye boila iliyokufa, akapanda. "Mnunue saizi hii hii. Hakuna maneno."

Mjukuu wangu akakataa. Alizunguka nyumba siku mbili na tepu, akipima rejeta moja moja. Alinieleza hivi: mvuke haujali boila ya zamani ilikuwa kubwa kiasi gani, unajali chuma unachotakiwa kupasha moto. Rejeta za ghorofa ya juu ziling'olewa zamani zikauzwa kama vyuma chakavu. Kwa hiyo boila kubwa ingewaka na kuzima, kuwaka na kuzima, ikinywa dizeli bure. Ndogo nayo, vyumba vya mwisho havingepata kitu.

Tukakutana sebuleni: Matroni, muuzaji, sisi wawili, na wazee kama sita wenye blanketi magotini. Msichana akasoma orodha yake bila kutetemeka. Jikoni. Chumba cha kufulia. Korido. Kisha: "Sebule, rejeta mbili."

Sebule ina nne. Mbili zimewekewa mbao juu, na juu ya mbao kitambaa kinachofika sakafuni, maua ya plastiki, na picha. Najua kwa sababu vitambaa vile nilivifuma mimi. Chuma kile kilikuwa kinatuaibisha mbele ya wageni wa kanisa. Na boila ikiwa imekufa, hapakuwa na joto la kumwonyesha kuna kitu hapo. Mbona hakufunua? Ni mimi niliyemfundisha, akiwa mdogo, kwamba mgeni hafunui kitambaa cha mama wa watu. Ukifunua, umetafuta vumbi lake.

Nikinyamaza, boila ndogo itanunuliwa, na kuna mzee ataganda akimlaani. Nikisema, kazi inaenda kwa yule wa Ngara.

"Sebuleni ziko nne," nikasema.

Muuzaji akacheka kwa pua. "Shosho, nyanya yake mwenyewe, ameharibu tenda."

Msichana aliniangalia kama nimemvua nguo sokoni. Kisha akaweka karatasi chini, akapiga magoti mbele ya maua. "Mama, naomba ruhusa nifunue."

"Funua," mzee mmoja akamjibu, "lakini ukipata panya, ni wa Matroni."

Akafunua ya kwanza, akafunua ya pili, akaenda chumba cha maombi akapata nyingine iliyogeuzwa meza ya Biblia. Akapima zote, akapiga hesabu upya mbele yetu. "Nilikosea," akasema. "Niliyotaka ni ndogo. Inatakiwa ile inayofuata. Lakini bado si hii kubwa."

"Kubwa haijaua mtu," muuzaji akasema. "Hata kiatu cha mtoto unanunua kikubwa."

"Mtoto anakua. Boila haikui."

Matroni akamgeukia mwanaume. "Wewe ulihesabu ngapi?"

"Mimi nilisoma kibao."

"Basi rudi na kibao chako."

Kazi akapata, lakini mimi nikakosa simu zake. "Ungeninong'onezea, Shosho," aliniambia getini, na baada ya hapo wiki tatu kimya. Sikumfuata. Ningenong'ona, watu wangesema boila imechaguliwa na dobi.

Siku ya kuwasha boila mpya nilienda bila kualikwa. Mafundi walikuwa chini wakiangalia moto, yeye hakuwepo. Nilimkuta chumba cha mwisho kabisa cha korido, ameketi kitandani kwa mzee wa watu aliyejifunika blanketi, kiganja juu ya rejeta baridi. Nikaketi upande wa pili. Mabomba yakagonga mbali, yakagonga karibu, vali ikapiga mluzi.

"Shika hapa, Shosho," akasema.

Nikashika. Tuliendelea kushika mpaka mwenye kitanda akachoka. "Sasa kumepata moto. Nyinyi wawili mnaweza kwenda, nataka kulala."