Dadu zikitoka sare, nani amekufa? Yaliyompata mama Mwangi hapa Nakuru

Wakuu, salamu kwenu nyote, hata nyinyi mnaosoma na kupita kimya kimya.

Nimeona vijana wakitukanana kule kwa uzi mwingine juu ya hizi games za dadu. Umerusha, adui amerusha, namba zimelingana. Inakuwaje? Mmoja anasema rudieni. Mwingine anasema wote wameumia. Wa tatu ameingiza mama wa mtu, na huyo namwachia moderator.

Mimi ni mzee, makao yangu ni Nakuru, na hapa siongezi chumvi. Haya niliyaona kwa macho yangu nikiwa nimekalia debe la rangi.

Ilikuwa mwisho mwisho wa miaka ya sabini. Tulikuwa watatu, shule tumemaliza, kazi hakuna. Mimi, Mwangi wa mtaa wa Bondeni, na Harjit, Kalasinga ambaye baba yake alikuwa na duka la hardware mjini.

Binamu ya Harjit alikuwa ametoka Uingereza akamwachia game moja ya ajabu. Haina board. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana shujaa wake ndani ya hadithi, na mkifika kwa vita dadu ndizo zinaamua. Jumapili mchana, duka likiwa limefungwa, tulikuwa store ya nyuma kati ya misumari na simiti, Harjit akisimulia.

(Ndio, game hizo zilikuwepo. Nyinyi hamkuzigundua juzi.)

Kijitabu chake kilikuwa na Kiingereza cha kutesa watu. Juu ya sare tuliambulia hivi: namba zikilingana, mapigo yametua pamoja. Basi kwetu ikawa sheria. Sare ni wote wameumia, na asiyebaki na nguvu amekufa.

Sasa, Mwangi alikuwa na kaka yake mkubwa, Njoroge. Huyo alikuwa turnboy, yaani utingo, wa lori la mizigo ya Kampala. Lori lilivuka mpaka wakati upande ule kulikuwa na vita, na halikurudi. Hakuna habari, hakuna maiti, hakuna hata kofia.

Mwangi akampa shujaa wake jina Njoroge. Hatukumuuliza. Sisi Wakikuyu jina likipewa mtoto, mwenye jina amerudi nyumbani. Nilijua anatafuta nini, na iliniuma.

Jumapili moja huyo Njoroge wa hadithi alikuwa kwa daraja anapigana na jitu. Wote wawili wamechoka, pigo moja tu linatosha. Mwangi akarusha, nne. Harjit akarushia jitu, nne.

Harjit akasema, "Sare. Njoroge amekufa."

Wakuu, mlango ulikuwa wazi. Mama Mwangi alikuwa ametoka kanisa, amepitia kuchukua ufunguo wa nyumba kwa Mwangi. Alikuwa amesimama pale pale.

Hakulia. Alishika fremu ya mlango akauliza, "Nani ameleta hiyo habari?"

Harjit ndiye aliruka. "Mama, pole sana, hii iko mchezo tu! Si Njoroge yako. Iko mtu ya hadithi."

"Na mnamuita Njoroge?"

"Ndio, mama."

Ikabidi nimweleze mimi. Daraja, jitu, namba mbili sawa. Nilitamani ardhi inimeze. Alinisikiliza vile mtu husikiliza daktari.

"Na hiyo jitu? Imebaki?"

"Nayo imekufa, mama."

"Sasa nani ameshinda?"

"Hakuna."

"Kama hakuna mwenye ameshinda, vita bado. Rudieni."

Akaingia ndani, akaweka Biblia juu ya mfuko wa simiti, akachukua dadu mwenyewe. Akapata sita. Harjit akapata mbili.

"Amepona," akasema. Akachukua ufunguo wake akaenda. Sisi tukacheka, ile ya kutoa hofu, tukadhani yameisha.

Jumapili iliyofuata alikuja tena, akasimama mlangoni. "Njoroge amefika wapi?"

Harjit angesema nini? Akamwambia amevuka mto, amepata chakula. Mama akashukuru. Na ile nyingine akaja. Na nyingine. Game ikawa si yetu tena. Jitu lolote likitokea, Harjit alikuwa anaogopa kurusha.

Huku nyumbani kwa kina Mwangi kukawa na shida. Dereva mwingine alikuja akasema lori la kina Njoroge lilionekana limeungua kando ya barabara. Wazee wa kanisa wakaja kupanga maombi ya kuaga. Mama akawafukuza na mwiko mkononi. "Mtaaga aje mtu ako hai? Hamjui ako njiani?"

Mwangi akawa amekwama hapo. Hawezi kumlilia ndugu yake, kwa sababu kulia ni kumuua mbele ya mama. Alikonda. Nilimwona akitembea mjini akiongea peke yake, kijana wa rika langu.

Kisha familia ya Harjit ikaamua kuhamia Uingereza. Jumapili ya mwisho mama alikuja akakaa. Harjit alikuwa ametuambia mapema, "Siwezi kwenda nikiacha yeye njiani. Leo narudisha yeye nyumbani."

Na alisimulia vizuri, Mungu anajua. Njoroge ameona ziwa. Ameingia mjini. Amepita soko, ameshuka Bondeni, amefungua geti. Mama alikuwa amefumba macho.

"Ameingia nyumba?"

"Ameingia, mama. Amekaa kwa kiti."

"Akasema nini?"

"Amesema, 'Mama, habari ya siku mingi.'"

"Hajaitisha chai?"

Harjit akaharakisha. "Ameitisha, mama! Ameitisha chai pia."

Mama akafungua macho akamwangalia, bila hasira hata kidogo. "Umesema kwa sababu nimeuliza, kijana yangu. Njoroge angeitisha chai akiwa kwa geti."

Kisha akasema, "Wangu amekufa."

Hapo ndipo alilia. Alilia juu ya ile mifuko ya simiti mpaka sauti ikaisha, na Mwangi naye akaachilia yake yote. Maombi yalifanywa bila jeneza. Harjit alisimama nasi na kilemba chake hadi mwisho, halafu wakasafiri.

Kwa hivyo nyinyi wa kule kwa uzi mwingine, mimi funzo langu ni hili. Kurudia si huruma kila mara. Kuna mtu anaweza kuishi ndani ya sare mpaka imle. Mkubaliane kabla ya kurusha, na mkishakubaliana, muwe na roho ya kusema imeisha.

Karibuni mniambie kwenu mnafanyaje. Na kama uko na mtu wako alitoka na hakuna anayejua aliishia wapi, usiandike mengi. Andika jina lake tu hapa chini, tutalisoma.

Naanza mimi. Njoroge, turnboy, wa Bondeni.