Kipara cha Kupimia Mwanga

Mpiga picha wa mtaani kwetu hampigi mtu kabla hajapigwa yeye. Husimamisha flashi moja nyuma ya kigoda, mbele huweka boksi la kitambaa cheupe la kulainisha mwanga, kisha huketi na kumkabidhi mteja kamera: "Bonyeza, haiumi!" Hupimia mwanga kwa kipara chake. Utepe wa mwanga ukizunguka kichwa kama mwezi mwandamo, hujipiga paja: "Taa imekubali!" Wenzake huwafuta watu sura kwenye kompyuta mpaka mama hamjui mwanawe, halafu wanajiita mafundi! Huyu hafuti kitu.

Juzi alikuja msichana na mama yake. Dawa za hospitali zilikuwa zimempukutisha nywele, na kilemba amekikaza hadi kwenye nyusi. Alitaka picha ya kuhitimu chuo, ila kukivua hataki, na kupigwa nacho hataki.

"Vua tu, mwanangu," mama akanong'ona.

Fundi akajifanya hasikii. Akaketi kwenye kigoda, akampa binti kamera. "Nipige, binti, nitoke kijana."

Binti akabonyeza, akatazama kioo cha kamera, akaangua kicheko. "Mjomba, unawaka!"

"Nawaka, eeh! Wenye nywele wanaweza haya?"

Binti akaitazama tena ile picha, safari hii bila kucheka. Kisha akamrudishia kamera, akaketi kwenye kigoda na kuanza kufungua fundo la kilemba.

"Taa usiiguse, mjomba," akasema. "Iache hapo hapo."