Nilivyotumwa Kuuchunguza Ukoo wa Mwenye Meli

Sababu ya kutoka nyumbani ni dada yangu Wanjiru, aliye Nakuru. Bila amri yake ningekuwa bado kwenye kochi langu hapa Toongabbie, pembezoni mwa Sydney. Korona ilipofungia watu ndani, majirani walinung'unika; mimi nilihisi hatimaye serikali imenielewa.

Binti yake Nyambura, muuguzi huku huku Sydney, alikuwa ameposwa na kijana Mzungu aitwaye Daniel. Mipaka ilifungwa, wazazi wasingeweza kuja, na kwetu msichana haendi kwa ukoo usiochunguzwa. "Nenda ukawatazame hao watu," dada aliniagiza kwa simu. "Ukisema la, posa imekufa. Nyambura mwenyewe amekubali sharti hilo." Kwa desturi huenda wazee kadhaa, na msemaji wao. Lakini kanuni za wageni zilikuwa kali, hivyo nikawa wazee wote, na msemaji pia.

Jumapili asubuhi, stesheni. Nyambura alinikuta nimevaa suti ya arusi yangu, ambayo vifungo vyake vilikuwa vimekosana na matundu tangu tufungiwe. Mkononi nilikuwa na mfuko wa sukari, unga na majani ya chai.

"Anko, tunaenda kutembea ama kufungua duka?"

"Nyamaza. Ukweni hakuendwi mikono mitupu."

Ndani ya treni kila abiria alikaa mbali na mwenzake kama watu walioachana kwa ubaya.

Bandarini tulipanda feri. Safari ilikuwa fupi kuliko foleni ya chanjo, lakini tumbo langu halikuarifiwa. Nilishuka ng'ambo ya pili nikimshukuru Mungu chini ya barakoa.

Nyumba ya wakwe ni ya mawe, imeukalia mlima kama inayoidai bahari heshima. Bibi yake Daniel, Bi Helen, alitupokea kwa chupa ya dawa ya mikono, Daniel akiwa nyuma yake, kisha akatupeleka moja kwa moja chini ya picha kubwa ya mzee mwenye ndevu za mashavuni.

"Huyu ni babu wa babu yangu," alisema. "Alifika Sydney akiwa karani wa ghala, hana kitu. Akanunua hisa katika meli kuukuu. Akapeleka sufu, akaleta chai. Mwishowe bandari nzima ilikuwa ikimvulia kofia."

"Yeye alisafiri mpaka wapi?"

"Hakusafiri. Safari ya kuja ilimtapisha, akaapa basi. Meli zake alizitazama kwa darubini, kwenye dirisha hilo."

Nilimpenda papo hapo. Mtu katajirika kwa safari za wenzake, yeye yuko kitini! Nikajiuliza nilikosea wapi, maana kiti ninacho.

Nikakumbuka kazi iliyonileta. "Katika ukoo kuna wizi, wazimu au uchawi?"

Nyambura alinikanyaga. Bi Helen akacheka. "Mjomba wangu alikuwa mwanasiasa. Sijui utamweka fungu gani."

Nikatoa zawadi. "Sukari!" alifurahi. "Hata mzee alikuwa na mashamba ya miwa kule kaskazini. Meli zake zilimletea wafanyakazi kutoka visiwa vya mbali vya bahari hii."

"Walikuja kwa hiari?"

"Ah, zilikuwa nyakati nyingine," alisema, akikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Nyambura aliweka kikombe chini. Nikaiona posa ikichukua koti lake iondoke. Nikinyamaza nimemdanganya dada. Nikisema, nimemvunja mtoto moyo.

Daniel ndiye aliyesema. "Hapana, Bibi. Wengine walidanganywa, wengine walikamatwa ufukweni. Wengi hawakuona kwao tena."

"Daniel! Mbele ya wageni?"

"Sitaki wawe wageni. Nataka wawe wakwe."

Bi Helen aliikodolea macho ile picha. "Baba hakuturuhusu kuuliza," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo, akamjazia Nyambura chai.

Jioni, kwenye treni ya kurudi, nilimwambia Nyambura sijui nitaanzia wapi kwa mama yake. "Mimi nilijua," akasema. "Daniel aliniambia kabla hajaniposa. Nilitaka kuona kama atathubutu mbele ya bibi yake."

Nyumbani nikampigia dada, nikasimulia yote.

"Kwa hiyo wana doa," alisema.

"Ukubwa wa meli."

"Na nani alikuonyesha?"

"Kijana mwenyewe."

"Sisi tungesimama ukoo mzima mbele ya hilo doa tukilificha kwa makoti. Waambie waje."

"Waje wapi, na mipaka—"

"Kwako. Wewe ndiwe boma sasa. Na ufagie!"

Hivyo safari yangu ilinifunza kwamba ukoo haujulikani kwa picha iliyotundikwa ukutani, bali kwa mtu anayethubutu kusema akiwa chini yake. Somo zuri, rahisi kulifundisha wengine. Jumapili iliyofuata Bi Helen alikaa kwangu, akamaliza chapati, akafuta vidole.

"Sasa zamu yangu," alisema. "Babu yenu alifanya kazi gani?"

Nyambura na Daniel wakanigeukia. Babu yetu alikuwa chifu wa Mkoloni. Niliinuka, nikafunga dirisha ili majirani Wakenya wasisikie, nikavuta kiti karibu, nikaanza na kiboko chake.